Jeraha la Moyo Haliponi kwa Kunyamazishwa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wananchi wa Sibwesa, Mkoa wa Katavi)

 

Ndugu wananchi, leo hatukuja kusema habari za bei ya mahindi wala barabara. Twataka kusema juu ya jeraha lisiloonekana kwa macho. Mtu akivunjika mguu twamfunga banzi, twamchotea maji, wala hatumwambii akimbie kesho yake. Lakini aliyeona nduguze wakiuawa twamwambia, "Sahau, kaza moyo." Je, hiyo ni haki?

Mishamo imo katika wilaya yetu hii, na Katumba imo katika mkoa wetu. Wengi wa watu wa huko, au wazazi wao, walitoka Burundi mwaka 1972. Mwisho wa Aprili mwaka ule uasi ulizuka kusini mwa nchi ile, na Watutsi wengi wakauawa. Ndipo serikali ya Micombero ikalipiza kwa kuwaua Wahutu, hasa waliosoma: walimu, makarani na wanafunzi. Waliokufa walipita 100,000. Waliosalimika wakakimbia. Katumba ilifunguliwa 1973, na Mishamo 1978, mahali palipokuwa pori tupu.

Watu wale walisimamaje tena? Kwanza, kwa jembe. Walifyeka pori, wakajenga, wakalima, wakauza mazao. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu, akiona mbegu aliyoipanda kwa mkono wake inaota, hujua tena kwamba kesho ipo. Kazi haifuti ndoto mbaya za usiku, lakini humrudishia mtu heshima yake.

Pili, kwa maneno. Mtaalamu mmoja, Liisa Malkki, alifanya utafiti Mishamo mwaka 1985 na 1986, akawakuta watu wakisimuliana habari za 1972 tena na tena. Hapa tuangalie sana. Masimulizi yaweza kumtua mtu mzigo, na yaweza pia kuwarithisha watoto chuki. Kwa hiyo msikilizaji ana kazi kubwa.

Tazameni kambi ya Nakivale, Uganda. Wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, waliokuwa wakiugua kwa mambo waliyoyaona, waligawanywa katika makundi. Waliowahudumia hawakuwa madaktari, bali wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo. Katika kundi moja kila mtu alisimulia maisha yake yote kwa taratibu, mazuri na mabaya. Matokeo yalitangazwa 2008. Baada ya miezi 9, kama watu 7 katika kila 10 wa kundi lile hawakuwa tena na ugonjwa huo. Waliopewa ushauri wa namna nyingine walikaribia hapo hapo. Wale walioangaliwa tu hawakufika 4 katika 10. Basi, ndugu zetu, sikio la jirani aliyefundishwa ni dawa.

Tatu, kwa jina. Mwaka 2010 serikali yetu iliwakubali watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya namna hii kuwa raia, na mwaka 2014 vyeti vikaanza kutolewa. Hata hivyo sokoni twasikia, "Wale wakimbizi." Mtoto aliyezaliwa hapa, asiyeijua Burundi hata kwa macho, naye aitwa mkimbizi! Huko ni kutonesha kidonda kila siku ya gulio.

Yatupasa nini? Tusimwambie mtu asahau, wala tusimlazimishe kusema. Akitaka kusema, tukae tumsikilize. Walimu, mtoto anayeshtuka ovyo au kusinzia darasani asichapwe kabla ya kuulizwa kwa upole. Na mtu asiyelala miezi mingi, au anayesema amechoka kuishi, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali mapema. Hakulaaniwa, wala si mwoga.

Na haya si ya watu wa Mishamo peke yao. Hapa petu wamo mama waliozika watoto, na wanawake waliotendwa vibaya wakaambiwa wanyamaze.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kweli kabisa. Lakini nani atafichua maradhi yake mbele ya watu wanaomcheka? Tuanze sisi kuacha kucheka.