Shilingi Ishirini za Mwaka 1972

Mazungumzo ya kamati ya fedha katika mkutano wa mwaka



Mwaka huu waandaaji walituomba sisi wa kamati ya fedha tusisome hesabu peke yake, kwa sababu mwaka jana tulipozisoma watu walitoka nje kwenda kupiga simu. Walisema tuzungumzie maisha ya nyumbani mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati bomba letu la maji lilipojengwa. Tumekubali. Lakini mhasibu ni mhasibu, kwa hiyo tumekuja na daftari.

Daftari hili ni la jalada gumu. Limeliwa na mende pembeni, lakini linasomeka. Lilitunzwa na familia ya mzee aliyekuwa katibu wa kamati ya maji, nao wametuazima kwa sharti kwamba lirudi lilikotoka. Linaanza Machi 1972 na kuishia mwisho wa 1974. Ukurasa wa kwanza una maneno machache: wenye mshahara shilingi 20, wakulima shilingi 10, wajane na wazee kadiri ya uwezo, msaragambo watu wote. Kisha majina yanafuata.

Tulipoyasoma majina hayo mezani, hapa mjini, tulicheka kwanza. Shilingi ishirini! Leo ukimpa mtoto hela hiyo ataitazama na kukuuliza ni ya nini. Baadaye tulianza kupiga hesabu, na kicheko kikaisha.

Mwaka 1972 kima cha chini cha mshahara mjini kilipandishwa kuwa shilingi 240 kwa mwezi. Vibarua wa mashamba ya mkonge kule tambarare walipata pungufu ya hapo. Dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Shilingi 20 ilikuwa noti moja ya bluu yenye picha ya Mwalimu, na wengi wetu tuliokuwa darasa la pili tuliiona kwa nadra, ikiwa imekunjwa kwenye pindo la khanga ya mama. Hela yetu sisi watoto ilikuwa senti tano ya samaki, ya kununulia peremende. Aliyepewa senti ishirini ya mbuni alitembea na kundi nyuma yake. Senti hamsini ya sungura ilikuwa ya kutumwa dukani, na ole wako uidondoshe njiani.

Sasa gawanya 240 kwa siku 30. Unapata shilingi 8 kwa siku. Kwa hiyo baba aliyekuwa karani au fundi, aliyelipa shilingi 20 kwa ajili ya maji, alitoa mshahara wa siku mbili na nusu. Tunaomba mkumbuke hesabu hii, tutairudia.

Mkulima yeye hakuwa na mshahara. Mshahara wa mlimani ulikuwa kahawa, nayo ililipwa kwa awamu: malipo ya awali unapopeleka chama cha msingi, kisha unangoja malipo ya pili bila kujua yatakuwa kiasi gani. Katikati hapo kuna chumvi, sabuni, mafuta ya taa na kaptula ya kaki ya mtoto. Ni kweli kodi ya kichwa ilikuwa imefutwa mwaka 1969, na mwaka 1973 ada ya shule ya msingi nayo ikafutwa. Hiyo ilikuwa nafuu kubwa, tusiisahau tunapolalamika. Hata hivyo shilingi 10 ya taslimu haikuwa jambo dogo, na daftari linaonyesha watu walivyojipanga. Kuna mstari unasema "mayai 12, yameuzwa". Mwingine: "kuku mmoja, bei itaandikwa". Mama mmoja mjane ameandikiwa siku tisa za kubeba mchanga kutoka mtoni, na pembeni katibu ameongeza kwa wino mwingine, "amezidisha". Hakuna aliyemwandikia sifuri.

Msaragambo haukuwa maneno ya jukwaani. Mabomba ya chuma ya futi ishirini yaliteremshwa barabarani chini, kwa sababu lori halikuweza kupanda. Kutoka hapo yalipanda mlima mabegani, watu wawili kwa bomba moja, na kwenye kona kali watu watatu. Sisi watoto tulibeba viungio na mawe. Asubuhi ya siku ya msaragambo baragumu ilipigwa, na aliyebaki kitandani alijulikana kabla ya jua kupanda. Wazee waliofundi wa mifongo na ndiva walimwonyesha fundi wa serikali mahali maji yatakapopita, na fundi, kwa sifa yake, aliwasikiliza.

Mtatuuliza, hakukuwa na starehe? Zilikuwepo, tena nyingi, ila zilihitaji betri. Redio ilikuwa moja kwa nyumba kadhaa, na saa mbili usiku baraza lilijaa kusikiliza taarifa ya habari kutoka Redio Tanzania Dar es Salaam. Mwenye redio alikuwa mtu wa heshima hata kama shamba lake lilikuwa na magugu. Betri zikichoka zilianikwa juani kama kahawa, na jioni zilitoa sauti kidogo. Hapo ndipo tulipomsikia Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, waliokuwa wamefika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya mwaka 1970. Kaka zetu waliofanya kazi Dar es Salaam walirudi Krismasi na suruali za miguu mipana, na hadithi za sinema za Avalon na Empire. Sisi huku tulingoja gari la sinema la serikali, shuka jeupe na jenereta kwenye uwanja wa shule, na nusu ya filamu ilikuwa ya kilimo. Tuliitazama yote.

Februari 1974 Filbert Bayi alishinda mita 1500 kule Christchurch na kuvunja rekodi ya dunia. Kwa wiki kadhaa hakuna mtoto aliyetembea kwenda shule. Agosti mwaka huo huo Yanga na Simba walikutana Nyamagana, Mwanza, Yanga wakashinda 2 kwa 1. Kuna wazee wawili katika ukumbi huu ambao bado hawajaafikiana kuhusu mechi ile, hatutawataja.

Habari mbaya nazo zilifika kwa njia hiyo hiyo. Januari 1971 tulisikia jina la Idi Amin kwa mara ya kwanza, na Septemba 1972 tukasikia ndege zake zimedondosha mabomu Mwanza na Bukoba. Aprili 1972 Mzee Karume aliuawa Zanzibar. Ukurasa wa mwezi ule katika daftari una mstari mmoja tu: "Mkutano umeahirishwa, msiba wa taifa."

Sasa tufike kwenye ukurasa uliotufanya tuchague mazungumzo haya.

Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi kusikiliza kipindi redioni, mmoja wao akiwasomea kijitabu, kisha wakajadiliana malaria, maji machafu na vyoo. Kwetu vikundi vilikaa barazani na chini ya miti. Vyoo vilichimbwa, vingine na watu waliokuwa wameapa kwamba hawatachimba. Ilikuwa kazi nzuri, lakini redio ya kikundi kimoja ilikosa betri. Katibu wa maji aliombwa atoe hela kwenye mfuko wa bomba. Akatoa.

Ameandika hivi: "Betri za redio, kikundi cha afya. Si hela ya maji. Zirudishwe." Chini yake, kwa muda wa wiki tano, kuna majina ya wasikilizaji, kila mmoja na senti zake, wengine senti ishirini, wengine senti hamsini. Mwisho wa orodha amepiga mstari juu ya deni lote na kuandika, "Zimerudi." Mzee huyu hakuwahi kukaa darasa la uhasibu. Sisi tuliokaa miaka mingi tumeona vitabu vya kampuni kubwa visivyo na ukurasa safi kama huo.

Mwaka 1974 haukuwa mwepesi. Mvua zilikuwa haba, nchi ikaagiza mahindi nje, na wengi wetu tulionja kwa mara ya kwanza ugali wa mahindi ya njano. Mafuta yalikuwa yamepanda duniani, kutoka kama dola 3 kwa pipa hadi zaidi ya dola 11 kwa miezi michache. Serikali ilipandisha kima cha chini kutoka 240 hadi 340, na bei za vyakula nazo zikapandishwa mwaka huo huo, kwa hiyo nyongeza ilipita mfukoni bila kuketi. Makande yalipungua maharage. Katika daftari michango inapungua pia. Miezi mingine ina majina manne tu. Lakini hakuna mwezi usio na jina, na Novemba 1974 imeandikwa: "Maji yametoka shuleni."

Hayo ndiyo maji tuliyokunywa hadi tulipoondoka kwenda sekondari. Wengi tuliomo humu ndani tulipata muda wa kusoma kwa sababu hatukuwa tena bondeni alfajiri na ndoo kichwani. Mabomba yale yameoza sasa. Mliokwenda nyumbani Desemba mmeona yanavyofungwa kwa mipira ya baiskeli, na mmewaona watoto wa leo wakishuka bondeni kwa njia ile ile waliyopita bibi zetu.

Ndugu Mwenyekiti, sasa tusome hesabu, na tunaomba watu wasitoke nje.

Mwaka jana katika harambee yetu ahadi zilitangazwa kwa kipaza sauti na kupigiwa makofi. Zilizolipwa hazifiki nusu. Hilo mnalijua, na kila mtu anajua upande wake. Ambalo hamlijui ni hili. Sherehe ile ilipozidi bajeti, ukumbi na bendi vilikuwa vinadai shilingi 420,000, na kamati ya fedha, ndiyo sisi tunaosema hapa, iliidhinisha zitolewe kwenye mfuko wa maji. Tulikubaliana kwamba zitarudi baada ya wiki mbili. Hazikurudi. Katika taarifa tuliziweka chini ya "matumizi mengineyo". Kiasi ni sahihi na risiti zipo, lakini jina tulilozipa si sahihi, na tulijua hivyo tulipoliandika.

Tulipofika kwenye ukurasa wa betri tulinyamaza kwa muda. Kisha mmoja wetu akasema kwamba haiwezekani kusimama mbele ya wazee na daftari hili mkononi huku tukiwa na ukurasa ule kwetu. Tukagawana deni sisi watano wa kamati, shilingi 84,000 kila mmoja. Wawili wamelipa yote, wawili wamelipa nusu, mmoja atalipa mwisho wa mwezi huu. Katika vitabu vya mwaka huu imeandikwa: ukumbi na bendi, si hela ya maji, zirudishwe. Neno la mwisho tutaliandika zitakapokamilika, na mkaguzi mtakayemchagua leo alitazame.

Kuhusu mchango wa bomba jipya, hatutatangaza kiwango. Kila mmoja achukue mshahara wake au mapato yake ya mwezi, agawanye kwa 30, azidishe kwa mbili na nusu. Hesabu hiyo anaifanya mwenyewe, hakuna atakayeiona. Asiye na kipato alete nguvu: mchimbaji wa mtaro anahitajika kama mnunuzi wa bomba, na msaragambo umepangwa wiki ya kwanza ya likizo ya Desemba. Wajane na wazee kadiri ya uwezo, kama zamani.

Fomu ziko mezani karibu na mlango, na vitabu vya risiti vina namba. Daftari la mzee liko mezani hapo hapo, anayetaka kulitafuta jina la baba yake au mama yake aje alitazame. Tafadhali mfunue kurasa polepole, karatasi imechoka, na Jumatatu tunalirudisha.