Chepseon ni Mji wa Majirani
(Hotuba kwa mkutano wa vikundi vya wakulima)



Tumeombwa tuseme machache juu ya mji wetu. Mpita njia wa Kericho kwenda Nakuru huona maduka tu kando ya lami. Sisi tunajua kuna mengi zaidi.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, ikipitia Lumbwa, yaani Kipkelion ya leo. Nyuma yake wakaja masetla, wakatwaa mashamba upande wa Lumbwa na Londiani. Miaka ya 1920 makampuni yakaanza kupanda chai Kericho, na wazee wetu wengi wakawa vibarua. Baada ya Uhuru mwaka 1963, mashamba mengi ya masetla yaligawiwa wananchi. KTDA ilipoanza 1964, mkulima mdogo naye akazidi kupanda chai.

Hivyo watu wakaja: Wakipsigis, Wakisii, Wakikuyu, Waluo. Huyu ana ng'ombe, yule ana cherehani, mwingine anauza viazi.

Sasa tuulizane. Mama anachuma majani mawili na chipukizi tangu asubuhi. Malipo ni mwisho wa mwezi, bonasi mara moja kwa mwaka. Katikati hapo, unga anapata wapi? Si kwa mwenye duka anayemwandika kwenye daftari? Na mwenye duka naye anakula nini kama mama hachumi? Ndivyo tunavyoishi hapa.

Mwaka 1992, na tena mwanzoni mwa 2008 baada ya uchaguzi, nyumba ziliteketea pande hizi za Kipkelion na Londiani. Watawa Watrapisti, waliokuwa Kipkelion tangu 1956, waliwahifadhi waliokimbia. Mwaka huohuo wa 2008 wao wenyewe wakahamia Uganda. Jirani akifukuzwa, daftari linaungua, na mama analala njaa.

Wakipsigis wana kokwet: majirani wa mahali pamoja, wa koo mbalimbali, wanaosaidiana kazi na kuamua kesi zao. Hekima hiyo tunayo tayari. Basi kila kikundi kiwe na watu wa makabila yote katika kamati yake. Uvumi ukisikika, wazee wakutane siku hiyohiyo, wasingoje kesho. Na vijana, mkipewa pesa mkamfukuze mtu, ulizeni kwanza: kesho tutakopa unga kwa nani?