Wajibu wa Aliyemtaja Mkandarasi
(Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi)



Uchukuliwe mfano wa mtunza vitabu wa kujitegemea, ambaye huandika hesabu za vyama vitatu au vinne vya msingi na kulipwa kwa kila kazi. Si mtumishi wa chama hata kimoja. Siku moja, daftari la fedha likiwa wazi mbele yake, katibu anamwuliza: “Ndugu, wewe unatembea sana. Ni fundi gani atakayetuezekea ghala kabla ya masika?” Naye anajibu: “Mchukueni fulani.” Kamati inamchukua fulani, inampa malipo ya awali, mabati yanapigiliwa. Masika yanaingia na maji yanashukia magunia ya kahawa. Fundi hapatikani tena. Mkutano mkuu unaitishwa, na sauti ya kwanza kusikika ni hii: “Aliyemleta alipe!”

Je, sheria nayo yasema alipe? Inategemea alifanya nini hasa.

Katika Tanzania Bara, Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, ambayo sasa ni Sura ya 345, katika mambo ya uwakala imeifuata kwa karibu Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyokuwa ikitumika Tanganyika kabla yake. Sheria hiyo inawatenga watu wawili ambao kwa macho hufanana. Wa kwanza ni yule aliyepokea kazi kwa jina lake, kisha akamweka mwingine chini yake aifanye. Huyo hana njia ya kuwaambia wenye mali wakamtafute fundi. Uzembe wa aliyemweka huhesabiwa kuwa uzembe wake. Wa pili ni aliyeagizwa kumchagulia mwenye kazi mtu wa kumhudumia, na aliyechaguliwa akawa tangu hapo mtu wa mwenye kazi mwenyewe. Huyu wa pili anadaiwa jambo moja tu: katika kuchagua, atumie busara ileile ambayo mtu mwangalifu wa kawaida angeitumia katika shughuli zake binafsi. Akifanya hivyo, makosa ya aliyechaguliwa hayamwangukii. Sheria ya India inatoa mfano wa mfanyabiashara aliyeagizwa kununua meli, akamtumia mkaguzi wa meli mwenye sifa njema. Mkaguzi akachagua kwa uzembe, na meli ikapotea baharini. Anayewajibika ni mkaguzi, si mfanyabiashara.

Lakini mtunza vitabu wetu hakuagizwa kuchagua. Aliulizwa, akajibu. Neno tupu laweza kumtia mtu hatiani?

Laweza. Tangu mwaka 1789 mahakama ya Uingereza ilikwisha kuamua kwamba anayemsifu mtu kuwa mwaminifu, hali akijua si kweli, hulipa hasara ya aliyemsadiki, hata kama yeye mwenyewe hakupata faida yoyote. Kwa muda mrefu baada ya hapo, aliyejibu kwa uzembe bila kusema uongo alidhaniwa kuwa salama. Mwaka 1963, katika shauri la Hedley Byrne, mambo yalibadilika. Kampuni ya matangazo iliuliza habari za mteja wake kwa njia ya benki. Benki ya mteja ikajibu kwamba anafaa kwa shughuli zake za kawaida. Mteja akafilisika na kampuni ikapoteza zaidi ya pauni 17,000. Baraza la Malodi lilisema kwamba mwenye ujuzi maalumu, anapojibu akijua kuwa atategemewa, aweza kudaiwa uangalifu hata bila mkataba. Hata hivyo benki ilishinda, kwa kuwa jibu lake lilitolewa kwa sharti la kutowajibika. Hukumu hiyo haiwafungi majaji wa Tanzania, ila ni mwongozo wenye uzito.

Hapo lipo jambo ambalo kamati hulisahau. Ujuzi wa mtunza vitabu ni vitabu. Akisema juu ya mabati, anasema kama mpita njia mwingine yeyote, na kamati iliyomkabidhi fundi fedha za wanachama kwa neno hilo pekee, bila kulinganisha bei wala kukagua kazi zake za awali, itapata taabu kueleza kwa nini ilimtegemea. Lakini angeulizwa juu ya mtunza vitabu mwenziwe wa kushika nafasi yake, neno lake lingekuwa na uzito mwingine kabisa.

Mambo hugeuka pia fedha zikipita mkononi mwake. Akiandika hati moja ya madai ya vitabu na paa pamoja, akapokea zote na kumgawia fundi, amejivika kazi nzima na paa linalovuja ni lake. Na kama alipata “chai” kwa fundi bila kamati kujua, ambavyo si ajabu kutokea, hali ni mbaya zaidi. Wakala aliyejipatia faida ya siri aweza kudaiwa aitoe, na sheria ya rushwa ya mwaka 2007 nayo yaweza kumfikia.

Basi aliyetaja jina tu, kwa nia njema, bila kuficha alilolijua na bila kula chochote, hana deni, hata mkutano ukipiga kelele namna gani. Deni ni la fundi, na baada yake kamati ina maswali ya kujibu.

Mtaalamu akiulizwa na aseme alichokiona kwa macho yake, ghala gani na mwaka gani, aseme na asichokijua, na kamati iandike maneno hayo katika kumbukumbu za kikao. Mkataba wa kuezeka uwe kati ya chama na fundi. Malipo yatolewe kwa stakabadhi ya fundi mwenyewe, na sehemu ya fedha ibaki kwa chama mpaka mvua ya kwanza ipite.