Jongoo Bahari na Tiba Zake: Mada kwa Watu wa Milimani



Huenda likaonekana jambo la ajabu mtu kupanda hadi Lushoto, hapa katika milima ya Usambara, ili azungumzie kiumbe kikaacho chini ya bahari. Lakini sifa ya dawa haingoji barabara, na sifa za jongoo bahari, kwamba huponya kisukari na saratani, hukausha vidonda, hulainisha viungo na kurudisha nguvu za wanaume, zimekwisha kuwafikia wagonjwa ambao bahari hawajapata kuitia machoni. Kwa hiyo ni haki yao waelezwe kwa insafu lipi katika hayo lina ushahidi, na lipi ni maneno ya wachuuzi.

Mnyama huyu, apatikanaye katika mwambao wetu tangu Tanga hata Mtwara, na visiwani kadhalika, hana mifupa wala kichwa cha kuonekana; hutambaa polepole juu ya mchanga akiumeza na kuutoa, na riziki yake ni uozo na vijidudu vilivyomo. Watu wa pwani aghalabu hawamli. Humwokota maji yakupwapo, au humzamia, wakampasua na kumtoa matumbo, wakamchemsha, wakampara ngozi ya nje, kisha wakamwanika juani mpaka akasinyaa na kuwa mgumu mfano wa kigogo kilichoungua. Naye husafirishwa hadi Uchina, ambako tangu zamani huhesabiwa kuwa chakula cha heshima na cha kuujenga mwili. Watu wa Malaysia nao, wamwitao gamat, hutengeneza mafuta yake, wakayapaka vidondani na penye maumivu.

Je, pana ukweli ndani ya hayo? Upo, wala si mdogo. Nyama yake kavu ina protini nyingi na mafuta machache, na sehemu kubwa ya protini hiyo ni kolajeni, ile ile ishikayo ngozi na kano zetu; basi kwa upande wa chakula, ni chakula chema. Mwilini mwake mna saponini, ambazo humkinga na samaki wenye kutaka kumla, na ambazo katika maabara zimeonekana kuua kuvu na kudhoofisha chembe za saratani; tena mna aina ya sukari yenye salfa izuiayo damu kuganda. Lakini kuua chembe ndani ya kichupa ni mbali sana na kumponya mwanadamu, na hata leo mahospitalini hapana dawa ya saratani wala ya kisukari iliyotokana na jongoo bahari.

Nyinyi watu wa Usambara hamna haja ya kwenda mbali ili kuona jinsi kitu cha porini kinavyogeuka dawa ya yakini. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha chuo cha utafiti pale Amani, upande wa mashariki wa milima hii, na miongoni mwa miti ya kigeni waliyoipanda ulikuwamo mkwinini, ambao asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Gome lake lilikuwa likitibu homa zamani sana kabla ya mwaka 1820, ambapo wanakemia wawili wa Paris, Pelletier na Caventou, waliitenga kwinini yenyewe. Na tangu hapo tabibu aliweza kupima kiasi, akajua kitoshacho na kidhurucho. Vita vilipozuka mwaka 1914, na Waingereza wakaifunga pwani kwa manowari zao, magome ya huku kaskazini yalipelekwa Mpwapwa yakatengenezwa dawa ya malaria kwa ajili ya majeshi ya Kijerumani; na walipolazimika kuihama Mpwapwa na kurudi kusini, bila mitambo, waliyachemsha tu, wakayanywa maji yake machungu mno, nayo yakawafaa. Yaliwafaa kwa kuwa ndani yake mlikuwa na kwinini iliyokwisha kujulikana, na maradhi yaliyokusudiwa yalikuwa hayo hayo yanayotibika nayo.

Unga wa jongoo bahari haujafika daraja hiyo. Jamii za mnyama huyu duniani zapita elfu moja, nazo hazilingani kwa vilivyomo mwilini mwao, ilhali aghalabu muuzaji husema «jongoo» tu, bila kutaja jamii wala kipimo. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu isigande, na mwenye kudhuriwa na vyakula vya baharini, wajihadhari nao. Na mwenye kisukari anayeacha sindano zake kwa ajili ya unga huo anayatia maisha yake hatarini, jambo ambalo mimi siwezi kulisema kwa ulimi laini.

Fauka ya hayo, mnyama huyu hutaga kwa kumwaga mayai na mbegu majini, na wakisha kuwa wachache na kutawanyika kwa kuvuliwa mno, mbegu hazikutani na kizazi hukatika. Mti wa mkulo wa misitu yetu wahofiwa vivyo hivyo: mtu anayetaka dawa akilibandua gome lake kuuzunguka mti mzima, mti hufa, na dawa ikaenda nao.

Ombi langu kwa wauguzi wa zahanati ni hili: mgonjwa akija na unga huo mfukoni, asikaripiwe, maana akikaripiwa ataficha; aulizwe kwa upole anautumia kwa maradhi gani, tangu lini, na pamoja na dawa zipi, na majibu yake yaandikwe katika daftari lake la matibabu.