Filamu ya foto tujitengenezee wenyewe

Hatutasema maneno mengi.

Wengi wetu hapa tuko na diploma na hatuna kazi. Barua tumepeleka ku mabiro yote ya Lubumbashi, tungali tunangojea. Katika kungojea tumeshika kazi ya mukono: serigrafi, kuchapa mipira ya kuvaa. Maandishi tunayaweza. Lakini muteja akileta foto, tunakimbilia kwa mutu mungine atutengenezee filamu, na faida inabaki kwake. Leo tunasema: filamu ya foto inaweza kutoka ku printa ya kawaida ya wino.

Kwanza tuelewe jambo moja. Kadre haijui kijivu. Mahali iko wazi wino unapita, mahali imezibwa haupiti, katikati hakuna. Kwa hiyo kijivu tunakitengeneza kwa nukta. Zote zinapangwa kwa mistari sawasawa, ila kwenye kivuli zinanenepa, kwenye mwangaza zinakonda. Muangalie foto ya gazeti kwa karibu, mutaziona.

Hapa njo wengi wanapotea. Wanatuma foto moja kwa moja ku printa. Printa nayo iko na nukta zake, lakini ni kama vumbi: ndogo sana, zimetawanyika, kadre haiwezi kuzishika. Inabidi nukta tuzichague sisi, printa itii.

Tunafanya hivi. Tunafungua GIMP, programu ya bure. Tunageuza foto kuwa ya kijivu, kwa ukubwa uleule itakaochapwa ku mupira, pikseli 720 kwa inchi. Kisha tunatumia kichujio kinachoitwa Newsprint, na tunaipa kila nukta nafasi ya pikseli 16. 720 ukigawanya kwa 16 unapata 45: hiyo njo mistari 45 kwa inchi. Pembe tunaweka digrii 22.5, ili mistari isigongane na nyuzi za kadre ikaleta mawimbi. Mwisho, picha yote inakuwa nyeusi na nyeupe tupu. Wakati wa kuchapa, ukubwa ubaki asilimia 100. Ukiruhusu printa ipanue picha ijaze karatasi, nukta zote zinaharibika.

Nyuzi za kadre kwa inchi zinapashwa kuwa karibu mara tano ya mistari. Kwa mistari 45, kitambaa cha nyuzi 90 kwa sentimita kinatosha.

Plastiki nayo si yoyote. Tafuteni filamu ya printa ya wino, yenye ngozi inayokunywa wino. Ku plastiki laini ya kawaida, wino unateleza na kufutika. Ikikauka, muiinue mbele ya dirisha. Kama mwanga unapenya katika nyeusi, jua nalo litapenya: emulsio itakuwa ngumu mahali haitakiwi, na nukta zitazibwa. Upande wenye wino ugusane na emulsio, juu muweke kioo kizito. Ukigeuza, mwanga unaingia kwa pembeni na kula nukta ndogo.

Jua halina bei, lakini halina kipimo kimoja. Chukua kadre ya majaribio, uifunike kwa kartoni, uivute kidogo kidogo, sehemu kwa sehemu, ukihesabu sekunde. Ukiosha utaona sehemu gani imeshika nukta vizuri. Printa inahitaji umeme dakika chache tu; umeme ukikatika, kazi ya jua inaendelea.

Kuna neno la mwisho, na ni kubwa. Pamba inakunywa wino, nukta inapanuka. Nukta ya asilimia 50 inaweza kufika 65 ao zaidi. Foto iliyo nzuri ku ekra inakuwa giza ku mupira. Kwa hiyo, mbele ya kutengeneza nukta, tuipunguzie giza ile sehemu ya katikati: mashavu, paji la uso.

Munajua mipira gani inaombwa sana hapa kwetu. Ni ya kilio. Familia inaleta foto iliyo ndani ya telefone, wakati mwingine njo moja tu waliyobaki nayo, na maziko ni kesho. Mama anapaswa kumutambua mtoto wake. Kama mashavu na macho yamekuwa doa moja jeusi, tumemuuzia kitambaa tu, na hakuna muda wa kurudilia.

Basi tunaomba: kila mutu asikimbilie kununua printa yake. Batu batano, printa moja, kadre ya majaribio moja, na daftari ya kuandika sekunde za jua asubuhi na saa sita. Mwenye kujua amufundishe mwenzake, bila kumuomba hata franka moja.