KUPIMA VIRUSI VYA UKIMWI SI MARA MOJA



UKIMWI uligunduliwa Zanzibar mwaka 1986. Hivi leo kipimo kinapatikana, lakini wengi hupima mara moja tu, au hawapimi kabisa.

Sababu zinajulikana. Mama mjamzito hupimwa kliniki. Mumewe hana mlango kama huo, naye huyachukua majibu ya mke kuwa ndiyo yake. Kisiwa ni kidogo: anayeingia kituoni huchelea kuonwa na jirani. Na kwa kuwa maambukizi hayafiki asilimia 1 ya watu wazima, wengi hujiona wamesalimika.

Ilhali majibu ya mke na mume yaweza kuhitilafiana, na maambukizi mapya huenda yasionekane kwenye kipimo hadi siku 90 zipite. Kwa hiyo aliye katika hatari hana budi kurudia, angalau kila mwaka. Anayegunduliwa mapema na kutumia dawa ipasavyo huishi umri mrefu. Na virusi vikishafifia hata visionekane kwenye kipimo, hamuambukizi mwenziwe kwa kujamiiana.

Siri ya anayepimwa ni amana kwa mpimaji. Jirani naye aihifadhi, kwani neno moja la barazani humzuia mwengine kurudi kituoni.