Mulan Avua Mavazi ya Vita

Mazungumzo ya asubuhi redioni
Masomo: 1 Samweli 17:32–40, Yohana 13:1–5



Asubuhi hii twataka twende mbali kidogo, mpaka nchi ya China, tukasikilize hadithi ambayo watu wa huko wamewasimulia watoto wao kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ni hadithi ya msichana aitwaye Mulan. Wataalamu wengi husema wimbo wa kwanza juu yake ulitungwa kaskazini mwa China katika siku za ufalme wa Wei ya Kaskazini, uliotawala tangu mwaka 386 hata 534. Katika karne ya 12 Guo Maoqian aliutia katika mkusanyo wake mkubwa wa nyimbo za kale, na ndivyo ulivyotufikia. Hii si habari ya Biblia, wala hatusemi ni sawa na Biblia. Lakini Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa habari za mpanzi, na za mchungaji, na za mwanamke aliyepoteza shilingi. Basi nasi tusione haya kujifunza kwa binti mfumaji.

Wimbo waanza nyumbani. Mulan yuko kazini kwenye kitanda cha mfumi, lakini moyo wake hautulii. Ameona hati za kuwaita watu vitani. Hati hizo ni kumi na mbili, na jina la baba yake limeandikwa katika kila moja. Baba hana mwana mkubwa wa kiume wa kwenda kwa niaba yake, na Mulan hana kaka. Basi binti anaamua kwenda yeye. Anazunguka masokoni: hapa ananunua farasi, pale tandiko, kwingine hatamu, na kwingine mjeledi. Asubuhi anawaaga wazazi, na jioni analala kando ya Mto Manjano, mahali ambapo sauti ya mama akimwita haiwezi kumfikia tena. Miaka inapita. Majemadari wanakufa vitani, na Mulan anarudi mzima.

Ndugu zetu, tuangalie mambo matatu katika hadithi hii.

La kwanza, Mulan hakwenda vitani ili apate kuwa mtu. Alikwenda kwa sababu alimpenda baba yake. Ajabu ya wimbo huu ni kwamba vita vya miaka kumi vimepewa mistari michache tu. Haukuhesabu maadui aliowaua, wala haukueleza jinsi alivyoupiga upanga. Mtungaji ametumia maneno mengi zaidi kueleza alivyojitayarisha kuondoka na alivyopokewa nyumbani. Ni kama anatuambia kwamba ushujaa wa binti huyu ulikwisha kuonekana kabla hajapanda farasi, pale alipoona jina la baba na kusema moyoni kwamba atakwenda yeye.

Wako wengi leo wanaotafuta ushujaa kwa njia nyingine. Kijana adhani kwamba akipata kazi kubwa ndipo atakapokuwa mtu. Mama adhani kwamba akizaa mtoto wa kiume ndipo atakapoheshimiwa na wakwe zake. Mzee wa kanisa adhani kwamba bila kiti cha mbele yeye si kitu. Mtu akienda vitani kwa kutafuta thamani yake, hata akishinda atarudi na njaa ile ile, kwa maana thamani ya mtu haiokotwi uwanjani. Musa alipotumwa kwa Farao alimwuliza Mungu yeye ni nani hata aende. Tazameni, Mungu hakumjibu kwa kumsifu, wala hakumkumbusha kwamba alilelewa katika nyumba ya mfalme. Alimwahidi kwamba atakuwa pamoja naye. Hilo ndilo lilikuwa jibu, nalo latutosha hata sisi.

La pili, Mulan hakulishika vazi la vita kana kwamba ndilo ngozi yake. Aliporudi, mfalme mkuu aliketi kugawa zawadi na vyeo. Akamwuliza Mulan ataka nini. Alikuwa ameandaliwa cheo kikubwa serikalini, lakini hakukitaka. Aliomba mnyama mwenye mbio tu, wa kumrudisha kwao. Ni watu wangapi kati yetu wangeweza kuomba hivyo?

Hapa twamkumbuka kijana Daudi. Sauli alimvika mavazi yake mwenyewe, chapeo ya shaba kichwani na dirii mwilini. Daudi akajaribu kwenda, akaona hawezi, maana hakuyazoea. Akayavua. Akachukua fimbo yake, na mawe matano laini kutoka kijitoni, na kombeo yake. Mavazi ya Sauli hayakuwa mabaya; yalikuwa ya mfalme. Lakini hayakuwa ya Daudi. Daudi alikuwa mchungaji, na Mungu aliyemwokoa na simba na dubu alimjua akiwa mchungaji. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Tena yuko mtumwa wa namna nyingine: yule aliyevaa cheo muda mrefu hata amesahau kukivua. Akistaafu, amekwisha. Akiondolewa katika halmashauri, haji tena ibadani. Na sisi tuvaao kanzu na stola tujiulize vilevile: siku tutakapozitundika ukutani, je, atabaki mtu ndani yake?

La tatu, Mulan alijifunua mwenyewe. Wazazi wake walitoka nje kumlaki, mmoja akimshika mwenzake mkono. Dada yake akajipamba. Mdogo wake wa kiume akanoa kisu kwa ajili ya nguruwe na kondoo. Naye Mulan akaingia chumbani, akavua joho la vita, akavaa nguo zake za zamani, akatengeneza nywele mbele ya dirisha. Kisha akatoka kuwaonyesha uso wake askari wenzake. Wakashangaa mno! Walikuwa wamekaa naye miaka kumi na miwili wasijue kwamba ni mwanamke.

Wengi wenu, hasa vijana, mmeiona hadithi hii katika filamu ya katuni iliyotolewa na Disney mwaka 1998. Katika filamu ile Mulan ana mashaka juu ya nafsi yake, na siri yake inafichuka anapotibiwa jeraha. Lakini katika wimbo wa kale hakuna aliyemfichua. Aliuchagua mwenyewe wakati na mahali: nyumbani, kati ya watu waliompenda kabla hajawa shujaa. Hakujidharau kwa kuwa binti, wala hakuona haya kwamba alikuwa askari. Alikuwa mtu mmoja tu, kwenye kitanda cha mfumi na juu ya farasi.

Labda msikilizaji mmoja anauliza: Je, hakuwaficha wenzake ukweli kwa miaka hiyo yote? Ndiyo, aliwaficha. Hatukuja kumtetea kwa hilo, maana watu wa Mungu wameitwa kuvua uongo. Lakini tuangalie jambo hili. Yeye alificha kwa ajili ya baba yake, na haja ilipokwisha akafunua. Sisi je? Sisi huficha kwa ajili ya nafsi zetu, na hatutaki siku ya kufunua ifike. Mtu humficha mama yake mzee wageni wa mjini wanapokuja. Mwingine huja kanisani amevaa tabasamu, na nyumbani kuna kilio. Twaogopa kwamba tukivua, tutakataliwa.

Na hapa ndipo Injili inapoingia, wapenzi. Kuna Mmoja ambaye usiku ule kabla ya kuteswa aliondoka chakulani, akayaweka kando mavazi yake, akajifunga kitambaa, akawaosha wanafunzi miguu. Aliwezaje kufanya kazi ya mtumwa bila kuona kwamba amepunguka? Yohana atuambia kwamba Yesu alijua alikotoka na anakokwenda: alitoka kwa Mungu, naye alikuwa akienda kwa Mungu. Ajuaye hilo hana la kuogopa akivua joho. Petro, ambaye hakuwa amelijua bado, ndiye aliyekataa kuoshwa.

Mulan aliona jina la baba yake katika hati, akaenda badala yake. Kristo aliona majina yetu katika hati iliyotushitaki, akaenda badala yetu. Lakini tofauti ni kubwa. Mulan aliweza kumwondolea baba yake vita vile, ila hakuweza kumwondolea uzee wala mauti. Kristo aliyachukua hata mauti yetu, akafufuka. Yeye hakungoja kwanza tuwe mashujaa. Alitupenda tungali wenye dhambi, yaani alitupenda akijua kabisa kilichomo chini ya vazi.

Basi, wewe binti uliyeambiwa tangu utoto kwamba ungalizaliwa mvulana ingalikuwa heri, Mungu hakukosea alipokuumba. Wewe kijana uliyefeli mtihani, karatasi ile si jina lako. Wewe mzee uliyekabidhi ofisi na sasa hakuna abishaye hodi, Baba yako anakujua bila muhuri. Nanyi wazazi, tazameni nyumba ya Mulan: walitoka nje kumlaki. Mtoto wenu akirudi leo, awe na cheo au asiwe nacho, je, atawaona njiani?

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyetufuma tumboni mwa mama zetu, twaja mbele zako jinsi tulivyo. Utuvue mavazi tuliyovaa kwa hofu. Utupe moyo wa kwenda pale ambapo upendo unatutuma, na unyenyekevu wa kurudi nyumbani kazi ikiisha. Uwakumbuke wote wanaojidharau asubuhi hii, uwafunulie uso wa Mwanao, ili katika uso huo wajione kuwa wapendwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.